Nguzo za Mkonze zilivyonipeleka Roma, na mstari mmoja ulionyooka ulivyokaribia kunikosesha scholarship

Wakuu kwema humu?

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, nacheka na comment zenu kisha nalala zangu. Leo nimeamua na mimi nitoe la kwangu. Nitakachoandika kimenitokea mwenyewe, sijahadithiwa na wala sijaongeza chumvi. Pale nitakapoonekana mjinga, jueni nilikuwa mjinga kweli.

Utambulisho kidogo. Mimi ni ke, naishi Dodoma, kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba kwenye ofisi moja ya watu binafsi hapa mjini.

Kama umejenga Nzuguni miaka hii na uliletewa ramani ya vyumba vitatu, sebule, na baraza la mbele lenye nguzo nne nene, inawezekana kabisa niliichora mimi. Usinilaumu. Bosi ndiye anayeipenda ile ramani, na wateja nao wanaipenda. Mimi nilikuwa nabadilisha jina la mteja na namba ya kiwanja tu.

Nilifanya hivyo miaka sita. Nilifika mahali nikawa naota ile ramani.

Sasa siku moja kwenye group la tuliosoma pamoja chuo, mtu akatupia link. Scholarship ya utafiti, Roma, Italia. Kusoma usanifu wa kale wa Wagiriki na Warumi, yaani yale mahekalu yenye nguzo unayoyaona kwenye vitabu.

Nikaifungua nikijua ni utapeli. Haikuwa utapeli.

Ilikuwa hivi: unaenda kuishi palepale kwenye taasisi miezi tisa. Unapewa chumba, unakula kwao, unapewa meza yako maktaba yenye jina lako. Hakuna mtihani, hakuna cheti. Kazi yako ni kuamka, kwenda kwenye magofu, kupima, kuchora na kusoma. Basi.

Wakuu, mtu aliyenakili ramani moja miaka sita akiambiwa kuna mahali utalishwa ili uangalie majengo na kufikiri, anachanganyikiwa. Nilichanganyikiwa.

Tatizo lilikuwa umri. Walikuwa na kikomo, na mimi ule ulikuwa mwaka wangu wa mwisho. Nikikosa, nimekosa jumla. Narudi kwenye vyumba vitatu na sebule mpaka nistaafu.

Sharti kubwa lilikuwa hili: utume michoro ya jengo lililoko unakoishi, lenye chochote kilichotokana na usanifu ule wa kale, na uwe umelipima kwa mkono wako mwenyewe. Unasaini kabisa kwamba umepima wewe.

Nikajiuliza, Dodoma hii Ugiriki naitoa wapi?

Halafu nikacheka peke yangu. Nguzo za zege.

Wenyeji wa huku mnaelewa. Tangu serikali ihamie Dodoma kila mtumishi anajenga, na kila anayejenga anataka nguzo barazani. Kando ya barabara utaziona zimepangwa zinasubiri wateja, za kimo cha mtu na zaidi, chini zina kitako, juu zina kichwa chenye majani au mikunjo kama pembe za kondoo. Mafundi wanazimwaga kwa kalibu, zinakauka, zinapakiwa kwenye Fuso zinakwenda. Ugiriki yote iko pale pembeni ya barabara imejaa vumbi.

Nikachagua nyumba moja Nzuguni ambayo ramani yake nilichora mimi. Ilikuwa ndiyo inamaliziwa. Nikaenda na futi yangu siku ya Jumamosi mchana, jua la Dodoma mnalijua.

Nilimkuta fundi aliyezimwaga zile nguzo, anaziba kitako cha nguzo ya mwisho. Anaitwa Fundi Ndahani, Mgogo wa Chamwino, ila kazi zake anafanyia Mkonze. Mtu wa makamo, mfupi, hana maneno mengi.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Wewe ndiye injinia wa ile ofisi?"

"Mimi mchoraji tu, fundi."

"Haya, injinia."

Nikaanza kupima. Sasa naomba niwaeleze tunavyopima sisi wa ofisini, maana kosa langu liko hapa. Sisi hatuna muda. Unapima mwanzo, unapima mwisho, unaunganisha. Nguzo ni nene chini na nyembamba juu, kwa hiyo nilipima unene wa chini, nikapima wa juu, nikapima urefu, nikafunga daftari. Nguzo moja tu. Hizo tatu zilizobaki kompyuta itanakili.

Fundi Ndahani alikuwa ananiangalia.

"Hapo katikati hupimi?" akauliza.

"Katikati itajileta yenyewe, fundi."

Na kama vile hiyo haitoshi, nikarudi nyuma hatua chache nikazitazama zile nguzo, nikaona zina kitumbo. Kidogo sana, lakini jicho langu la ramani likakiona. Nikamwambia, tena kwa sauti ya kumsaidia, "Fundi, kalibu yako imechoka. Nguzo zako zimevimba. Tafuta kalibu nyingine."

Akanitazama. Akafuta mikono kwenye suruali.

"Haya," akasema, akaendelea kuziba kitako.

Niliporudi nyumbani nikachora nguzo iliyonyooka safi. Nikachora nusu, nikaigeuza ikapata nusu ya pili, nikanakili mara nne. Mahali pa jina la mtengenezaji wa nguzo nikaandika "hajulikani". Nikaambatanisha na picha nilizopiga kwa simu, nikasaini kwamba nimepima kwa mkono wangu, nikatuma.

Nilijiona nimemaliza kazi.

Miezi miwili baadaye email ikaja. Nimeingia kumi na mbili bora, kuna interview kwa video.

Siku hiyo bosi alikuwa site Chamwino, nikajifungia ofisini na laptop asubuhi. Walikuwa watatu. Wawili walikuwa na maswali ya kawaida, kwa nini Roma, kwa nini wewe, utasoma nini. Nikajibu vizuri tu.

Wa tatu alikuwa mama mmoja mzee, nywele nyeupe zote, amekaa kimya muda wote. Mwishoni akaomba aoneshe kitu. Akaweka kwenye screen picha yangu ya simu, na pembeni yake mchoro wangu.

Akasema taratibu, "Mchoro wako umenyooka. Picha yako haijanyooka. Nimwamini yupi?"

Wakuu, nilihisi baridi, na ofisi yetu haina hata feni.

Jibu la kunitoa nilikuwa nalo. Kamera ya simu inapinda mistari, kila mtu anajua hilo, na ni kweli inapinda. Ningesema hivyo, angekubali kwa kichwa, tungeendelea. Neno lilishafika mdomoni kabisa.

Ila nilikuwa natazama ile picha, na kwenye kona yake kulikuwa na bega la Fundi Ndahani ameinama. Nikamkumbuka anauliza, hapo katikati hupimi?

Nikasema, "Amini picha. Katikati sikupima."

Yule mama akaikuza picha.

"Kwa nini nguzo imevimba?"

"Nilidhani kalibu imeharibika."

"Ulimuuliza aliyeitengeneza?"

"Hapana."

"Yupo hai?"

"Yupo. Yuko mtaa wa pili hapa." Mkonze siyo mtaa wa pili, lakini nilishachanganyikiwa.

Yule mama akaandika kitu. Akaongea na wenzake kidogo sauti imezimwa. Kisha akanirudia, "Una siku kumi. Kapime tena. Na kamuulize."

Simu ikakatika. Nilikaa pale nimeshika kichwa. Scholarship nilikuwa nimeitia doa mwenyewe, na sasa iko mikononi mwa mtu niliyemwambia kazi yake imevimba.

Kesho yake nikaenda Mkonze. Sikulala vizuri, nilikuwa napanga maneno ya kuomba radhi.

Nilimkuta anamwaga zege. Nikamsalimia kwa adabu zote, na mbukwenyi, salamu ya Kigogo, nikaiweka ingawa kwetu si Ugogoni. Akaitikia, akaniambia zege haisubiri mtu, nikae. Nikakaa juu ya tofali saa nzima na zaidi. Sikulalamika, nilistahili.

Alipomaliza akanawa, akaja.

"Enhe injinia. Leo katikati haijajileta yenyewe?"

Alikuwa amekumbuka neno kwa neno. Nikamweleza yote, toka scholarship mpaka yule mama wa nywele nyeupe. Nikamwambia nilimdharau na naomba radhi. Akasema tu, "Njoo uone."

Akanipeleka mbele ya nguzo moja iliyosimama peke yake mwishoni mwa uwanja, ya zamani, imeota ukungu chini.

"Hii imenyooka," akasema. "Weka timazi, weka uzi, weka chochote. Imenyooka kama unavyotaka wewe. Simama hapo barabarani uitazame."

Nikavuka barabara. Nikageuka.

Wakuu, ile nguzo ilikuwa imekonda katikati. Nyuma yake anga jeupe la mchana, na nguzo inaonekana imebonyea kiunoni, mithili ya mtu aliyetoka kuugua. Nikarudi nikaweka uzi toka juu mpaka chini. Uzi ukagusa kote. Imenyooka. Nikavuka tena barabara. Imekonda.

Nilirudia mara tatu. Madereva wa bodaboda walinishangaa.

Fundi Ndahani akanieleza. Zamani alikuwa anamwaga nguzo zilizonyooka. Mama mmoja mtumishi akazikataa zote nne, anasema zimekonda, hazitaki. Fundi akampimia mbele yake, akamwonesha zimenyooka. Yule mama akasema, mimi siishi na futi yako, naishi na macho yangu, ziondoe.

Akazirudisha Mkonze kwa hasira. Akazisimamisha uwanjani, na ile yenye ukungu ni mojawapo. Kila asubuhi akifika anaziona kutoka ng'ambo ya barabara, na kila asubuhi anazidi kuona yule mama alikuwa sahihi.

"Nikasema basi, hebu niongeze nyama katikati. Unene wa kidole tu. Nilipoongeza, macho yakatulia."

"Ulijuaje uongeze wapi?"

Akaniletea ubao mrefu wenye misumari miwili, mmoja huku na mmoja kule. Akachukua ufito mwembamba aliokata kwenye bomba la plastiki, akaubana kwenye misumari. Kisha akausukuma kwa dole gumba, taratibu, ukapinda kidogo. Akapitisha penseli.

Hakusukuma katikati kabisa. Alisukuma chini zaidi, kwenye kama theluthi ya urefu kutoka kitakoni. Nikamuuliza kwa nini.

"Ukisukuma katikati kabisa, unapata pipa."

Kalibu yake yote ilitoka kwenye ule mstari wa penseli. Haikuwa imechoka hata kidogo. Ilikuwa sahihi kuliko kitu chochote nilichochora miaka sita. Nilimtazama yule mtu nikajisikia mdogo, na wakati huohuo nikajisikia raha kiasi kwamba nilitaka kucheka.

Siku hiyohiyo akafunga kazi, tukaenda Nzuguni. Mwenye nyumba alishahamia, fundi akampigia, akatufungulia. Tulipima kwa uzi. Fundi yuko juu ya ngazi anazungusha uzi kwenye nguzo, mimi chini naunyoosha kwenye futi naandika. Kila sentimita ishirini. Toka kitakoni mpaka kichwani.

Nguzo ya kwanza ilipoisha nikafunga daftari kwa mazoea.

"Na hizo tatu?" akauliza kutoka juu.

Tukapima zote nne. Na kweli hazikufanana sawasawa. Ya tatu ilikuwa nyembamba kidogo juu. "Hiyo niliimwaga siku ya upepo," akasema, "ilikauka kabla sijaijaza vizuri." Nikaandika na hilo pembeni ya mchoro.

Nilichora upya kwa mkono, penseli na karatasi, nguzo nne kila moja na vipimo vyake. Nikachora na ubao, misumari, ufito na dole gumba. Pale nilipoandika "hajulikani" nikaandika: Fundi Ndahani, Mkonze, Dodoma.

Nikatuma siku ya tisa.

Wiki tatu za kungoja sizielezi, mlioomba kitu mnajua. Nilikuwa nafungua email hadi nikiwa jikoni. Jibu lilikuja nikiwa nachora baraza lenye nguzo nne. Nimepata. Nililia mbele ya bosi, akadhani nimefiwa.

Ofisini walinitania sana. Mtu anapanda ndege kwenda Ulaya kusomea nguzo, si aende tu Mkonze. Nikawaambia nimeshaanzia huko.

Roma sasa.

Sitaandika mengi kuhusu chakula na baridi, kuna nyuzi nyingi humu za hayo. Niseme tu kwamba chumba changu kilikuwa na dirisha linaloangalia bustani, na maktabani meza ilikuwa na jina langu kweli. Siku ya kwanza nililigusa lile jina mara kadhaa kama mshamba. Nilikaa miezi tisa mahali ambapo mtu akikukuta umesimama saa mbili unatazama ukuta, anakupisha ili asikusumbue. Sijawahi kuheshimiwa hivyo.

Wiki ya pili yule mama wa nywele nyeupe, Profesa, alitupeleka kwenye hekalu moja. Nguzo za mawe, kubwa, nyingine zimekatika. Akatupa uzi na futi. Tulikuwa wanane kutoka nchi mbalimbali, wengine na degree za kutisha.

Akasema, "Anzeni." Wenzangu watatu wakapima chini, wakapima juu.

Mimi nikaanza kuzungusha uzi kila sentimita ishirini. Profesa akapita nyuma yangu, nikamwona anatabasamu.

Namba zilipotoka, kitumbo kilikuwepo. Kidogo, taratibu, na sehemu nene zaidi iko chini ya katikati.

Mchana darasani akatuonesha mafundi wa zamani walivyoweza kuupata ule mstari. Akaweka ubao mezani. Akapigilia misumari miwili. Akachukua ufito mwembamba wa mbao, akaubana, akausukuma kwa dole gumba, kwenye theluthi ya chini.

Niliomba ruhusa nikatoka nje. Nililia kwenye ile bustani, na sikuona aibu. Nilikuwa naona vidole vya Fundi Ndahani vyenye saruji kwenye kucha. Hajawahi kufika Roma wala kusoma kitabu chochote cha nguzo. Aliangalia tu, akakubali kwamba mteja yuko sahihi na futi yake haitoshi, akatafuta njia mpaka akaipata.

Ningempigia siku ile nimwoneshe, lakini fundi ana kitochi kisichopokea picha. Ikabidi nisubiri nirudi.

Mchoro wangu wa Nzuguni upo kwenye droo za maktaba ile mpaka leo, na jina lake liko juu yake. Profesa mwenyewe aliuweka, kwenye droo moja na michoro ya mahekalu.

Niliporudi nilipumzika siku mbili nikaenda Mkonze. Nilibeba nakala ya mchoro wake, na mchoro mkubwa wa nguzo ya kule niliyoipima, pamoja na picha.

Alinawa mikono kwanza. Akatazama jina lake muda mrefu. Kisha akachukua ule mchoro wa nguzo ya Roma, akaweka kidole chini akapandisha taratibu. Kilipofika kwenye theluthi kikasimama.

"Hii aliimwaga nani?"

"Hawakumwaga, fundi, walichonga mawe. Ni zaidi ya miaka elfu mbili."

Akaitazama tena. Akatikisa kichwa kwa namna ya kumhurumia mtu anayemfahamu.

"Kumbe na wao walikuwa na wateja wasumbufu," akasema. Akanirudishia karatasi, akaenda kuwahi zege yake.

Wakuu, ndiyo hivyo. Nimerudi ofisini, bado nachora, lakini ile ramani ya vyumba vitatu nimegoma kuinakili, na bosi amezoea. Kila nguzo ninayoichora sasa ina mstari wa Fundi Ndahani.

Nilichojifunza ni kwamba nilikaribia kukosa kitu nilichokitamani kuliko vyote kwa sababu sikuona haja ya kumuuliza swali moja mtu aliyesimama pembeni yangu. Mnaoomba hizi scholarship, andikeni mlichokiona, siyo mnachodhani wazungu wanataka kukiona. Mkiulizwa msichokijua, semeni hamkijui.

Mwenye swali kuhusu maombi aulize hapahapa kila mtu afaidike, PM sijibu.

Na ninyi wenye nguzo barazani nina ombi moja. Kesho mchana vuka barabara uzitazame, kisha chukua uzi uzipime katikati. Halafu rudi hapa kwenye comment utuambie jina la aliyezimwaga.

Kama hulijui, kamuulize.